Magemu ya Kompyuta kwenye Linux: Kagua Kadi ya Grafiki Kabla ya Kufuta Windows

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa watumiaji wa kawaida, isipokuwa waliojiandikisha kwenye mpango wake wa nyongeza. Windows 11 nayo inataka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sasa angalia laptopu za mtumba zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T460. Zote ni za kizazi cha 6. Ni mashine imara, lakini kwa Windows zimefikia ukingoni. Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, haina sharti hilo, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kinachowafanya wengi wasite kuhamia huko ni magemu.

Magemu mengi ya Windows yanacheza kwenye Linux. Wanaokwama, mara nyingi wanakwama kwenye mambo mawili, na yote hayahusiani na jina la Linux waliyoichagua. La kwanza ni uwezo wa kadi ya grafiki kutumia Vulkan, lugha ambayo programu huitumia kuiamuru kadi ichore picha. La pili ni programu za kuzuia udanganyifu zinazoambatana na magemu ya mtandaoni. Yote mawili unaweza kuyakagua leo bila kufuta hata faili moja, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na ukaguzi. Usakinishaji utafuata.

Kwanza ujue kinachofanyika ndani. Gemu la Windows lina faili za .exe ambazo Linux peke yake haizielewi. Mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993, unazitafsiri amri za Windows ziwe amri za Linux gemu likiwa linaendelea kucheza, kama mkalimani aliyeketi kati ya watu wawili. Agosti 2018 Valve, kampuni yenye duka la Steam, ilitoa Proton: Wine iliyofungwa pamoja na vipande vingine muhimu. Kipande kikubwa kuliko vyote ni DXVK, ambacho kinabadilisha michoro ya DirectX 9, 10 na 11, lugha ya michoro ya Windows, kuwa Vulkan. DirectX 12 ina mtafsiri wake, VKD3D-Proton, ambaye naye anategemea Vulkan hiyohiyo. Vulkan ya kadi yako ikiwa na pengo, kazi yote iliyojengwa juu yake inayumba.

Hatua ya 1: Andika magemu yako na uyakague moja moja

Chukua karatasi uandike magemu unayocheza kweli, siyo yale unayotamani kuyacheza siku moja. Kisha fungua tovuti ya ProtonDB na utafute kila jina. Wachezaji wenyewe ndio wanaoripoti pale, na gemu hupewa daraja: Platinum linacheza bila kugusa kitu, Gold linahitaji marekebisho kidogo, Silver lina kasoro lakini unaweza kuvumilia, Bronze linaanguka mara kwa mara, na Borked halichezi. Usiishie kwenye daraja. Shuka chini usome ripoti za watu wenye kadi inayofanana na yako, kwa sababu Platinum ya mwenye kadi kubwa ya mezani haikuambii chochote kuhusu laptopu yenye Intel HD 520.

Magemu ya mtandaoni yanahitaji ukaguzi wa pili. Fortnite, Valorant, League of Legends, matoleo mapya ya Call of Duty na EA Sports FC hayachezi kwenye Linux, na sababu ni programu zao za kuzuia udanganyifu. Apex Legends ilikuwa ikicheza vizuri hadi mwishoni mwa Oktoba 2024, watengenezaji walipowafungia nje wachezaji wa Linux. GTA V bado inacheza kwa upande wa hadithi, lakini GTA Online ilifungwa Septemba 2024 ilipowekewa BattlEye, moja ya programu hizo. Hapa tatizo si la kiufundi tu. Easy Anti-Cheat na BattlEye zimeweza kufanya kazi na Proton tangu 2021. Kila studio huamua yenyewe kuruhusu au kukataa. Tovuti ya Are We Anti-Cheat Yet inaonyesha msimamo wa kila gemu, nayo husasishwa studio zinapobadili uamuzi.

Kama jioni zako zote ni EA Sports FC mtandaoni na marafiki, basi acha Windows ibaki pembeni ya Linux. Hakuna ujanja wa kulipita hilo, na video zinazodai upo zinakupotezea bando. Lakini kama ni Counter-Strike 2, Dota 2, Euro Truck Simulator 2, Stardew Valley au Civilization VI, hayo yana matoleo ya Linux yaliyotengenezwa rasmi. Proton hata haihitajiki.

Hatua ya 2: Tengeneza flashi ya majaribio

Kwa laptopu za mtumba ninapendekeza Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, inaeleweka haraka kwa aliyetoka Windows, na ukikwama utapata jibu kirahisi kwa sababu maelekezo mengi ya Ubuntu yanafaa humo pia. Mint ina matoleo yanayotofautiana kwa mwonekano na uzito. Toleo la Cinnamon linafaa mashine yenye RAM ya GB 8. Kama una GB 4 chukua Xfce, ambalo ni jepesi zaidi. Kinyume chake, kama umenunua kompyuta yenye kadi ya AMD au Nvidia iliyotoka juzi, Mint itakuwa nyuma kidogo kwa draiva, yaani programu zinazouwezesha mfumo kuitumia kadi. Hapo nenda Fedora, CachyOS, au Bazzite, ambayo imeandaliwa kwa ajili ya magemu tangu mwanzo.

Faili la Mint lina ukubwa wa karibu GB 3. Lipakue kwenye tovuti yake rasmi tu, na kabla ya kulitumia hakikisha halikuharibika njiani. Kwenye Windows fungua Command Prompt, nenda kwenye folda lilipo, uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Linganisha herufi zitakazotokea na zile zilizo kwenye faili la sha256sum.txt la Mint. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Mtandao unaokatikakatika huharibu mafaili makubwa, na usakinishaji unaogoma katikati mara nyingi umeanzia hapo.

Chomeka flashi ya GB 8 au zaidi ambayo haina kitu unachokihitaji, kwa sababu itafutwa yote, kisha tumia Rufus au balenaEtcher kuliandika faili hilo humo. Zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, uchague flashi. Mint itafunguka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski yako. Hapa ndipo pa kukagua.

Hatua ya 3: Uliza Vulkan

Unganisha Wi-Fi, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), uandike mistari hii mmoja baada ya mwingine:

sudo apt update
sudo apt install vulkan-tools
vulkaninfo --summary

Mwishoni utaona orodha ya vifaa, GPU0, GPU1 na kuendelea. Tafuta mistari miwili: deviceName na apiVersion. Kwenye EliteBook 840 G3, kwa mfano, deviceName itasema Intel(R) HD Graphics 520 (SKL GT2). Namba ya apiVersion ikianza na 1.3 au zaidi, uko salama. Karibu kila mashine itaonyesha pia kifaa kinachoitwa llvmpipe. Hicho si kadi. Ni prosesa inayojifanya kadi, na ikiwa ndicho pekee kilichoorodheshwa, basi draiva yako haijapatikana.

Ninapenda kukaa kidogo kwenye HD 520. Chipu hiyo ilitoka mwaka 2015, kabla hata ya Vulkan 1.0 kutolewa Februari 2016. Leo inatimiza masharti ya Vulkan 1.3 kwa sababu waandishi wa Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za Linux, waliendelea kuihudumia mwaka hadi mwaka. Mtu aliyenunua laptopu hiyo mkono wa tatu anapata kazi ileile wanayoipata wenye mashine mpya.

Hali ni tofauti kwa kizazi cha 3 na cha 4, yaani HD 4000, HD 4400 na HD 4600. Humo wamo EliteBook 840 G1, Latitude E7440 na ThinkPad T440. Vulkan yao haijakamilika, na draiva yenyewe hukuonya hivyo kwenye terminali. DXVK kuanzia toleo la 2.0 la Novemba 2022 inadai Vulkan 1.3, na Proton 8 kwenda juu inatumia DXVK hiyo. Kwa mashine hizi utabaki na Proton 7.0, au utaiambia Proton itumie OpenGL, lugha ya michoro ya zamani zaidi, badala ya Vulkan. Nitaonyesha namna hapo chini. Magemu ya zamani ya DirectX 9 mara nyingi yatakubali. Kizazi cha 5 kiko katikati, kwa hiyo amini kile vulkaninfo inachokuambia. Kama ndiyo kwanza unaenda dukani kununua, ongeza pesa kidogo uchukue kizazi cha 6 au zaidi. Kwenye EliteBook 840 tafuta G3, kwenye ThinkPad tafuta T460, kwenye Latitude tafuta E7470.

Wenye Nvidia wasitoe hukumu kwenye hatua hii, maana flashi hutumia draiva ya muda tu. Jua tu kwamba kadi za GTX 600 na nyingi za GTX 700 ziliachwa kwenye draiva ya 470, nayo haifiki Vulkan 1.3.

Hatua ya 4: Sakinisha

Ukaguzi umeridhisha? Hamisha picha, nyaraka na save za magemu yako kwenye diski ya nje. Kama unaiacha Windows pembeni, fanya mambo matatu ukiwa bado ndani yake: zima Fast Startup kwenye mipangilio ya umeme, andika mahali ufunguo wa BitLocker kama diski imefungwa nao, na punguza sehemu ya Windows kwa kutumia Disk Management ili kuacha nafasi tupu. Kisha rudi kwenye flashi, bofya "Install Linux Mint", weka tiki kwenye sehemu ya codecs (vifaa vya kuchezea video na muziki), na uchague kusakinisha pembeni ya Windows au kufuta diski yote. Soma ukurasa huo wa diski taratibu, kwa sababu ndio pekee usio na njia ya kurudi.

Ukimaliza, fungua Update Manager na uiache isasishe kila kitu kabla ya kugusa gemu lolote.

Hatua ya 5: Draiva

Intel na AMD hazihitaji kupakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji. Zimo tayari ndani ya mfumo. Kinachosahaulika ni kwamba magemu mengi ya zamani ni ya biti 32, nayo yanahitaji Vulkan ya biti 32. Hakikisha zote mbili zipo:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install mesa-vulkan-drivers mesa-vulkan-drivers:i386

Nvidia ina hatua zake. Fungua Driver Manager, chagua draiva iliyoandikwa "recommended", usubiri imalize, uwashe upya. Kama Secure Boot, ulinzi unaokagua programu kompyuta inapowaka, iko kazini, wakati wa kusakinisha utaombwa kutunga nywila, na kompyuta itakapowaka itakuonyesha skrini ya buluu. Hiyo si hitilafu. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", uweke nywila uliyoitunga. Ukiipita skrini hiyo bila kufanya hivyo, draiva haitapakiwa, na utashangaa kwa nini gemu linatambaa.

Laptopu yenye kadi mbili, Intel na Nvidia, huwa inatumia Intel kuokoa betri. Ili gemu litumie Nvidia, kwenye Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", na kwenye "Launch Options" uandike:

__NV_PRIME_RENDER_OFFLOAD=1 __GLX_VENDOR_LIBRARY_NAME=nvidia %command%

Hatua ya 6: Steam na Proton

Fungua Software Manager na utafute Steam. Utaona ya mfumo wenyewe na ya Flatpak, ambayo hufungwa peke yake nje ya mfumo. Chukua ya mfumo. Kwa walio kwenye Ubuntu, epukeni ile ya Snap, njia ya Ubuntu yenyewe ya kufungasha programu, na chukueni faili la .deb kutoka tovuti ya Steam. Ukiifungua mara ya kwanza itapakua sehemu zake zilizobaki, na baadaye Proton pamoja na mazingira yake vitazidi GB 1. Ikiwezekana fanya kazi hii mahali penye Wi-Fi ya uhakika.

Ukiwa ndani, nenda "Settings", kisha "Compatibility", na kama chaguo la Steam Play lipo, uhakikishe limeruhusiwa kwa magemu yote. Kuanzia hapo kitufe cha kusakinisha kitakubali hata kwa magemu ya Windows. Kubadilisha toleo la Proton kwa gemu moja tu, fungua "Properties" ya gemu hilo, "Compatibility", weka tiki ya kulazimisha, uchague toleo. Anza na toleo la kawaida lenye namba. Gemu likigoma, jaribu Proton Experimental, ambayo hupata marekebisho mapema. Wenye Intel ya kizazi cha 3 na cha 4 wachague Proton 7.0, na kama bado inagoma waandike hivi kwenye "Launch Options":

PROTON_USE_WINED3D=1 %command%

Hiyo ndiyo njia ya OpenGL niliyoitaja. Ni ya polepole kuliko Vulkan, lakini kwa gemu la mwaka 2008 huenda ikakutosha.

Kuna pia GE-Proton, inayotengenezwa na mtu ajulikanaye mtandaoni kama GloriousEggroll. Inasaidia hasa pale video za katikati ya gemu zinapoonyesha giza au rangi za majaribio badala ya picha. Isakinishe kwa programu ya ProtonUp-Qt, funga Steam uifungue tena, na jina lake litatokea kwenye orodha ileile.

Hatua ya 7: Linda bando lako

Miongozo mingi imeandikwa na watu wenye intaneti isiyohesabiwa. Kwetu gemu la GB 40 ni uamuzi wa kifedha, kwa hiyo sehemu hii usiiruke.

Kama gemu tayari lipo kwenye Windows, usilipakue tena. Kabla ya kufuta Windows, nakili folda ya gemu iliyo ndani ya steamapps/common kwenye diski ya nje. Ukiwa Linux, kwanza lazimisha Proton kwa gemu hilo kama nilivyoeleza, hasa kama gemu lina toleo la Linux pia, la sivyo Steam itataka mafaili tofauti na yale uliyobeba. Kisha weka folda hiyo kwenye ~/.steam/steam/steamapps/common ikiwa na jina lilelile, halafu bofya "Install". Steam itayakagua mafaili yaliyopo na kupakua yaliyopungua tu.

Kama una rafiki au ndugu mwenye gemu hilo kwenye kompyuta yake, Steam tangu Februari 2023 inaruhusu kuhamisha magemu kati ya kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja wa nyumbani. Kila mmoja afungue "Settings", "Downloads", aruhusu "Game File Transfer over Local Network". Gemu linasafiri kati ya mashine hizo mbili, na intaneti inatumika kidogo tu kwa uhakiki. Router isiyo na bando kubwa inatosha. Bila shaka, wewe pia lazima uwe unalimiliki gemu kwenye akaunti yako.

Hapohapo kwenye "Downloads" zima "Shader Pre-caching". Nia yake ni nzuri: inaleta michoro iliyokwisha kuandaliwa ili gemu lisikwamekwame mwanzoni. Lakini hupakuliwa tena na tena, na kwa mtu wa bando inauma. Ukiizima, utaona gemu likishtuka kidogo dakika za kwanza, kisha litatulia. Weka pia ratiba ya masasisho iwe saa ambazo bando lako la usiku linafanya kazi, na punguza kasi ya kupakua ikiwa nyumba nzima inatumia mtandao huo.

Magemu ya bure na huria nayo yapo, na mengi ni mepesi kupakua. SuperTuxKart ya mbio za magari, Luanti kwa wapenda kujenga kwa matofali, OpenTTD ya kuendesha kampuni za usafiri, Battle for Wesnoth ya vita vya zamu kwa zamu. 0 A.D. inastahili kutajwa peke yake: ni gemu la mkakati wa kale ambamo unaweza kuongoza Wakushi wa bonde la Nile au Wakarthago, na limetengenezwa na watu wa kujitolea. Yote yanapatikana kwenye Software Manager.

Hatua ya 8: Magemu yaliyo nje ya Steam

Kwa Epic na GOG tumia Heroic Games Launcher. Mint inakuja na Flathub, duka la programu za Flatpak, tayari, kwa hiyo andika kwenye terminali:

flatpak install flathub com.heroicgameslauncher.hgl

Ingia kwa akaunti yako na maktaba yako itatokea. Yale magemu ambayo Epic huyagawa bure kila wiki nayo utayakuta humo. Lutris inafaa zaidi kwa gemu la CD ya zamani au faili la usakinishaji ulilolinunua zamani. Ina maelekezo yaliyoandaliwa kwa magemu mengi.

Kuhusu magemu yanayouzwa kwenye flashi mtaani yakiwa yamevunjwa ulinzi: Wine si ukuta wa usalama. Kwa kawaida inaipa programu ya Windows herufi ya Z: inayoelekea kwenye mfumo wako mzima, na programu hiyo inaweza kusoma kila faili ambalo wewe unaweza kulisoma, zikiwemo nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Virusi vya Windows kwenye Linux havina nguvu zote, lakini mwizi wa mafaili hahitaji nguvu zote.

Na jambo moja la diski: usiweke maktaba ya magemu ya Linux kwenye sehemu ya NTFS, mpangilio wa diski wa Windows, unayoichangia na Windows. Proton hutengeneza viungo na majina ya faili ambayo NTFS haiyapokei vizuri, na gemu huishia kutofunguka bila ujumbe wowote. Tumia ext4, mpangilio wa diski wa Linux. Diski za nje zilizopangwa kwa exFAT nazo zinafaa kubebea tu, kuchezea hapana.

Hatua ya 9: Ongeza kasi

Kadi ya Intel iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inachota kwenye RAM ya kompyuta. Laptopu nyingi za mtumba zina kipande kimoja cha RAM, na hapo kadi inapumulia tundu moja la pua. Ukiweka vipande viwili vinavyolingana, njia ya data inakuwa mara mbili, na kwenye magemu utauona utofauti kuliko badiliko lolote la programu. Kabla ya kununua, jua aina unayohitaji:

sudo dmidecode -t memory

EliteBook 840 G3 inatumia DDR4, ilhali ThinkPad T460 ya kizazi hichohicho inatumia DDR3L. Haziingiliani, kwa hiyo nenda dukani na jibu la amri hiyo mkononi.

Baada ya hapo sakinisha vifaa viwili:

sudo apt install gamemode mangohud

Kwenye "Launch Options" andika gamemoderun mangohud %command%. GameMode, iliyotengenezwa na Feral Interactive, inaiambia prosesa isilale gemu likiwa linacheza. MangoHud inaonyesha pembeni ya skrini idadi ya fremu kwa sekunde, joto na matumizi ya kadi. Itazame. Kadi ikiwa asilimia 99, punguza mwonekano wa gemu hadi 1280 kwa 720 na uzime vivuli. Kama fremu zinaanza juu kisha zinashuka baada ya dakika kumi huku joto likikaribia nyuzi 95, tatizo ni vumbi na krimu iliyokauka kati ya prosesa na feni. Hilo fundi wa laptopu anaweza kulimaliza.

Padi za PS4, PS5 na Xbox zinatambulika zikichomekwa tu. Draiva ya padi ya PS5 kwenye Linux imeandikwa na Sony yenyewe. Zile za bei nafuu zenye umbo la PS2 zikichanganya vitufe, zipange upya kwenye "Settings", "Controller" ndani ya Steam.

Hatua ya 10: Gemu likigoma kufunguka

Nenda kwa mpangilio huu, badiliko moja kwa wakati mmoja. Hakiki mafaili kwanza: "Properties", "Installed Files", kisha chaguo la kuhakiki. Badilisha toleo la Proton. Ondoa kila kitu kwenye "Launch Options" ulichokinakili mtandaoni, kwa sababu ushauri wa miaka mitatu iliyopita mara nyingi ndio unaovunja gemu leo. Kisha futa folda ya gemu hilo iliyo ndani ya steamapps/compatdata, yenye jina la namba tu. Namba hiyo ndiyo unayoiona kwenye anwani ya ukurasa wa gemu dukani. Humo ndimo Proton ilimotengeneza Windows ya bandia ya gemu lako, na itaitengeneza upya. Angalizo: magemu yasiyo na hifadhi ya Steam Cloud huweka save humohumo, kwa hiyo nakili folda hiyo kabla ya kuifuta.

Ikishindikana bado, andika PROTON_LOG=1 %command%, jaribu kufungua gemu, kisha angalia kwenye folda yako ya nyumbani. Utakuta faili linaloanza na steam- likifuatiwa na namba ya gemu. Lifungue, nenda mwishoni, upande juu taratibu ukitafuta mistari yenye "err:". Ukiona vkCreateInstance au vkCreateDevice vimeshindwa, rudi hatua ya 5, Vulkan ndiyo yenye tatizo. Ukiona jina la faili la .dll halijapatikana, weka jina hilo pamoja na jina la gemu kwenye utafutaji wa ProtonDB na mtandaoni kwa jumla.

Utakapofanikiwa, iandike ripoti ProtonDB: kadi, draiva, toleo la Proton, mwonekano uliotumia na fremu ulizopata. Taja kabisa kwamba ni HD 520 yenye RAM ya vipande viwili, kama ndivyo ilivyo, maana mwenye laptopu kama yako atatafuta maneno hayohayo.